Wadau, bolti ya raifo inakuwa nzito alfajiri. Nipake mafuta gani?

Mkulima_Molo: Hamjambo wadau. Huku Molo mwezi huu wa saba baridi haina huruma, na nungunungu wanatumalizia viazi. Raifo iliyoko hapa shambani mchana iko sawa, lakini alfajiri bolti ya kupakia risasi inavutika kama imetiwa uji. Juzi nilifyatua nikasikia "ka!" tu, risasi haikutoka. Kuna mafuta maalum ya baridi? Nijibuni mapema, giza likiingia wanarudi.

NyarKisumo: Huku Kisumu hata mafuta ya nazi hayajui kuganda. Poleni 😂

Baba_Wanne: Marehemu baba aliwafukuza kwa debe. Anapiga usiku kucha, mpaka majirani wa juu wakahama. Nungunungu walibaki.

Mzee_wa_Alberta: Umepaka nini kwa sasa?

Mkulima_Molo: Mafuta ya kawaida.

Mzee_wa_Alberta: Kawaida ya nani?

Mkulima_Molo: Grisi ya trekta. Kidogo tu! Chuma ni chuma.

Mzee_wa_Alberta: Basi ugonjwa ni huo. Nimeishi Kanada miaka sita, na Novemba wenzangu wa kazini walikuwa wananipeleka porini, baridi chini ya sifuri kwa nyuzi ishirini. Ndani ya bolti kuna springi na pini ya kugonga risasi. Grisi ikiwa nzito, pini inasafiri polepole na inagonga bila nguvu. Wale jamaa walikuwa wanaosha bolti yote mpaka ikauke, kisha wanapaka mafuta mepesi kiasi cha kuacha mng'ao tu, au unga wa grafaiti bila mafuta kabisa. Na bunduki iliyotoka kwenye baridi hailetwi karibu na jiko. Inatoka jasho, ukiirudisha nje jasho linakuwa barafu. Ila Molo haifiki huko, mafuta mepesi yanatosha. Na ukisikia "ka!" usifungue bolti hapo hapo. Mtutu uelekee pasipo na mtu, uhesabu sekunde thelathini, kuna risasi zinazochelewa.

Mwalimu_Historia: Wajerumani walikwama na grisi hiyo hiyo karibu na Moscow mwaka 1941.

Baba_Wanne: Nao walikuwa na viazi?

Wakili_wa_Kijiweni: Mimi nimekwama kwenye "raifo iliyoko hapa shambani". Mbona husemi "raifo yangu"?

Mkulima_Molo: Swali ni la mafuta.

Wakili_wa_Kijiweni: Cheti kina jina la nani?

Mkulima_Molo: La mzee mwenye shamba. Yuko Mombasa kwa matibabu, mimi ndiye meneja. Aliniambia nilinde shamba. Sasa nilinde kwa mdomo? Gunia arobaini zimeshaenda!

Wakili_wa_Kijiweni: Soma Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Cheti ni cha mtu, si cha shamba. Tena uwindaji ulipigwa marufuku tangu 1977. Piga simu KWS, wale wa wanyamapori.

Mkulima_Molo: KWS watakuja viazi vikiwa chipsi.

Shemeji_Kitale: Ngojeni kwanza. Huyu wiki jana alikuwa anauliza bei ya mbegu ya viazi vya Shangi, akasema yuko Kitale na ana ekari moja. Leo ni meneja Molo na gunia arobaini zimeliwa. Hii ni chai, tena ya maziwa.

NyarKisumo: Niwekeeni kikombe.

Mkulima_Molo: Kitale ni kwetu, shamba la mama. Risasi ile iko mezani hapa nikiandika. Kitakoni ina kijialama kama umeibonyeza kwa ukucha. Na kidole gumba changu bado cheusi, sabuni imeshindwa.

Mzee_wa_Alberta: Alama ya ukucha ndiyo pini iliyochoka. Mtu wa chai hangeijua hiyo. Lakini Wakili ana haki, bwana. Rudisha chuma cha watu.

Baba_Wanne: Debe ninalo bado. Nakuuzia mia mbili.

Mkulima_Molo: Mzee amepiga simu sasa hivi kuuliza viazi. Nimemwambia viko salama. Bunduki nimeirudisha kabatini, nimefunga. Ila grisi iko ndani bado, na yeye huwa anaipangusa mwenyewe kila Jumapili. Inatoka na mafuta ya taa bila kuacha harufu?

Wakili_wa_Kijiweni: Na ufunguo wa kabati ulipewa na nani?