Naomba ushauri: tuliuliza orodha ya basari, sasa tunaitwa vibaraka

MamaWaLikoni

Asalam aleikum, na hamjambo nyote. Mimi ni mratibu wa kikundi kidogo hapa Likoni, Mombasa. Tuko sita, wenye mshahara ni wawili tu. Kazi yetu ni kusimama na kina mama ambao watoto wao wamekamatwa: kufuatilia faili, kutafuta dhamana, kukaa nao kortini. Mwaka huu tukaongeza jambo moja. Kwenye mkutano wa wananchi tuliomba majina ya waliopata basari ya wadi, yaani msaada wa karo, yabandikwe ukutani kila mtu ayaone. Hatukumtaja mtu, wala hatukusema kuna aliyekula.

Wiki haikuisha, ikaanza kuzunguka sauti ya dakika moja na nusu kwenye magrupu ya WhatsApp. Eti tunalipwa na wazungu kutetea magaidi, na tunampigia kampeni mpinzani wa mheshimiwa. Imeandamana na picha ya semina yetu, mgeni mmoja mzungu amezungushiwa duara jekundu. Nilikuwa kwenye tuktuk natoka ferini, dereva akaifungulia sauti yote, hajui kuwa aliyeketi nyuma yake ndiye anayesemwa. Nilishuka kabla sijafika.

Juzi wamekuja vijana wawili ofisini, wakasema wametoka "ofisi ya serikali". Barua hawana. Wanataka orodha ya kina mama tunaowahudumia pamoja na namba zao za simu. Binti yetu wa mapokezi aliwaambia mimi sipo, wakaahidi kurudi. Na mwenye nyumba ameniuliza, kwa upole wake, kama tuna mpango wa kuhama.

Tuijibu ile sauti au tunyamaze? Wakirudi tufanyeje? Uchaguzi ni Agosti 2027. Kama mambo ni haya sasa, wakati huo itakuwaje?

Mzee wa Makadara

Binti yangu, pole sana. Haya tumeyaona hapa hapa mjini kwetu. Aprili 2015, baada ya shambulizi la Chuo Kikuu cha Garissa, mashirika ya haki za binadamu ya Haki Africa na MUHURI yalijikuta kwenye orodha ya serikali ya watu na taasisi zaidi ya 80 walioshukiwa kuhusiana na Al-Shabaab. Akaunti za benki zikafungwa. Maafisa wa kodi wakaingia ofisini mwao, wakaondoka na hadidiski na nyaraka. Wao wakaenda kortini, na Novemba mwaka huo Mahakama Kuu ya Mombasa ikaamuru akaunti zifunguliwe. Haki ilipatikana. Lakini hesabu miezi hiyo, Aprili hadi Novemba, halafu ujiulize nyinyi mngelipa kodi ya nyumba kwa pesa gani.

Kwa hivyo usingoje waje ndipo uanze kutafuta karatasi. Cheti, katiba ya kikundi, kumbukumbu za mikutano, mikataba na wafadhili, ripoti za mkaguzi, vyote vitolewe nakala. Seti moja kwa wakili, nyingine kwa mjumbe wa kamati asiyekaa Likoni. Mpigie mfadhili leo umweleze mwenyewe, asisikie kwa watu. Muulize pia: akaunti yetu ikifungwa, mnaweza kumlipa mwenye nyumba moja kwa moja? Swali hilo liulizwe sasa, watu wakiwa wametulia.

Wakili wa Kisauni

Dada, kabla sijasema lolote: cheti chenu ni cha aina gani? NGO, au kikundi cha jamii?

MamaWaLikoni

Kikundi cha jamii, CBO. Tuliandikishwa na ofisi ya maendeleo ya jamii.

Wakili wa Kisauni

Basi sheria yenu ni ile ya usajili wa vikundi vya jamii ya 2022. Mashirika yasiyo ya kiserikali, yaani NGO, yako chini ya sheria ya mashirika ya manufaa ya umma, iliyopitishwa 2013 na kuanza kutumika Mei 2024. Nasema hivi kwa sababu mtu akija kukutisha kwamba "tutawafutia usajili", lazima ujue ni ofisi gani hasa yenye mamlaka hayo. Kifungu cha 36 cha Katiba kinasema usajili hauwezi kufutwa bila sababu ya haki, na ni lazima msikilizwe kwanza. Angalia tarehe ya kuhuisha cheti chenu leo hii. Cheti kilichopitwa na wakati ndiyo silaha rahisi kuliko zote kwa adui.

Wale vijana wakirudi: wakaribishwe kwa heshima, wapewe viti, na waombwe kitambulisho cha kazi na barua. Binti aandike majina, saa, na walichotaka. Wakitaka kupekua, waonyeshe hati ya korti, isomwe yote mpaka anwani. Majina ya kina mama msiyatoe hivi hivi. Hizo ni taarifa binafsi zinazolindwa na sheria ya 2019, na mkizitoa ovyo, wa kulaumiwa mtakuwa nyinyi. Wakishaondoka nenda kituoni ukaandikishe, usirudi bila namba ya OB, yaani ya daftari la matukio la polisi. Na kila mmoja wenu awe na namba ya wakili kichwani, si kwenye simu tu, maana simu ndiyo huchukuliwa kwanza. Mtu akikamatwa ana haki ya kunyamaza, ya kuzungumza na wakili, na ya kufikishwa kortini ndani ya saa 24.

Kijana wa Changamwe

Kwa maoni yangu mnajipa kazi bure. Mwendeeni mheshimiwa usiku, mkae naye, mambo yaishe. Likoni ni ndogo.

Mzee wa Makadara

Kuonana naye si vibaya, mwanangu, mtu akikuudhi unamwendea. Lakini iwe mchana, waende watatu, na mmoja aandike yaliyozungumzwa. Wakienda usiku, kesho itasemwa walikwenda kuchukua bahasha.

Bi Majengo

Mamangu, hilo la sauti niachie mimi, limenipata na mimi. Usiijibu neno kwa neno, na usiisambaze hata kwa kusema "tazameni uongo huu". Kila anayeituma anaipa miguu. Andikeni ukurasa mmoja kwa Kiswahili chepesi: sisi ni nani, pesa zinatoka wapi, zimefanya nini, anayetaka kuona vitabu aje siku fulani saa fulani. Asemaye awe mmoja tu. Sisi tulisema watu wanne, kila mmoja na lake, na tofauti hizo ndizo zilizotuumiza kuliko uzushi wenyewe.

Kisha nenda kwa miguu. Anza na mwenye nyumba, halafu imamu, mchungaji, chifu, mzee wa mtaa. Mwenye nyumba wako hakuchukii, ameogopa. Mtu aliyeogopa hatulizwi na ujumbe wa simu, anataka uso wako.

Jambo jingine, na nisamehe kuuliza: kati ya wanaojitolea hapo kwenu, kuna anayevaa fulana ya chama?

MamaWaLikoni

Yupo mmoja. Ni mtoto mzuri, mchapa kazi.

Bi Majengo

Zungumza naye kwa mapenzi. Achague: kampeni, au kikundi, mpaka uchaguzi upite. Mkiuliza orodha ya basari mnadai haki ya raia. Fulana ikionekana mlangoni kwenu, huyo mwenye ile sauti amepata ushahidi aliokuwa hana.

Karani wa Hesabu

Vitabu. M-Pesa ya kikundi isiingie kwenye laini ya mtu binafsi hata mara moja. Nauli iwe na sahihi ya aliyepokea.

Wakili wa Kisauni

Nilisahau: wapigieni KNCHR, tume ya taifa ya haki za binadamu, na Defenders Coalition, muungano wa watetezi wa haki za binadamu, mkiwa bado salama, wawajue kwa sura.

MamaWaLikoni

Narudi na habari, siku tisa baadaye. Cheti kilikuwa kimebakisha wiki tatu tu, nimeshapeleka maombi ya kuhuisha. Nakala ziko sehemu mbili. Yule kijana amekaa kando na kikundi mpaka uchaguzi upite. Alilia, na mimi nikalia.

Vijana wawili walirudi Jumatatu. Binti akawapa maji, akafungua daftari, akauliza majina. Mmoja akasema watakuja siku nyingine, maji hawakuyagusa. Namba ya OB ninayo.

Siku tuliyofungua vitabu walikuja kina mama kumi na mmoja. Mmoja, ambaye mwanawe tulimfuatilia hadi akaachiliwa, aliomba aonyeshwe ukurasa wa nauli ya siku ile ya kesi. Akaipata sahihi yake, akaiwekea kidole, akamwita mwenye nyumba aje aone. Mwenye nyumba akasimama pale muda mrefu. Hajazungumzia tena kuhama.

Sauti bado inazunguka, ila kidogo. Mkutano wa wananchi ni Alhamisi. Barua ya kuomba ile orodha nimeshaichapa, kwa Kifungu cha 35 cha Katiba, kile cha haki ya kupata taarifa, na tutakwenda wote sita.