Tupeane uzoefu: Kusafiri na chinchila kwa gari wakati wa joto

Mleta mada, Dallas

Ndugu zangu mnaofuga chinchila, wale wanyama wadogo wa jamii ya panya wenye manyoya mengi, salaam. Mwezi Julai familia yangu inahamia Minneapolis, na kwa kuwa tuna vyombo vingi tumeamua kwenda kwa gari kupitia barabara kuu ya I-35, safari ya takriban kilomita 1,500. Tuna chinchila wawili wa kike, ndugu wa tumbo moja, ambao hawajawahi kutoka nyumbani isipokuwa kwenda kwa daktari wa mifugo. Daktari amenieleza kwamba mnyama huyu hustarehe kwenye nyuzi 15 hadi 21 za Selsiasi, na kwamba zikivuka 25 tuanze kuwa waangalifu. Kwa Texas ya mwezi wa saba, maana yake ni kuwa waangalifu tangu tunapofungua mlango wa nyumba. Naomba aliyewahi kusafiri nao mwendo mrefu aeleze alivyofanya na jinsi wanyama walivyokuwa njiani. Maelezo ya jumla ninayo ya kutosha, ila sijapata habari za mtu aliyekuwemo ndani ya gari.

Mchangiaji kutoka Phoenix

Dada, hapa kwetu joto la kiangazi hupita nyuzi 40 siku nyingi mfululizo, kwa hiyo nilipolazimika kumpeleka chinchila wangu San Diego sikuwa na nafasi ya kubahatisha. Tuliondoka kabla ya alfajiri. Kwanza niliwasha gari na kiyoyozi, nikaliacha lipoe mpaka kipimajoto nilichokifunga ubavuni mwa kizimba kikasoma 19, ndipo nikamtoa mnyama ndani ya nyumba. Nasisitiza kipimajoto hicho kwa sababu kile cha kwenye dashibodi hupima joto la nje, na hata kiti cha mbele kikiwa na ubaridi wa kutosha, kiti cha nyuma ambako kizimba kimefungwa kwa mkanda wa usalama kinaweza kuwa na hali tofauti kabisa.

Jua lilinisumbua kuliko hewa. Barabara inapopinda, jua huhamia dirisha jingine, na miale yake hupasha kizimba joto hata kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi vizuri. Nilibandika taulo nyeupe kwenye vioo vya nyuma. Wako wanaofunika kizimba chenyewe ili mnyama atulie, lakini mimi sikubaliani nao wakati wa joto, kwa kuwa kitambaa huzuia hewa ya baridi kumfikia. Ndani ya kizimba niliweka kipande cha marumaru kilicholala kwenye jokofu usiku kucha, naye akakilalia karibu njia nzima. Nje ya kizimba, pale asipoweza kupafikia kwa meno, niliegemeza chupa ya maji yaliyoganda, nikiwa nimeivisha soksi. Feni msihangaike nayo: chinchila hatoi jasho, na manyoya yake ni mazito mno, kila tundu la ngozi likiotesha nywele zaidi ya 50, hivyo upepo mtupu haumpozi.

Jambo ambalo wengi hawalitarajii ni hili. Kwenye I-8, unapopanda mlima wa In-Ko-Pah ukielekea San Diego, kuna mabango yanayowataka madereva wazime viyoyozi ili injini zisichemke. Mabango hayo niliyajua mapema, na ndiyo maana tulikuwa na kasha la barafu lenye chupa tatu za akiba. Tulibadilisha chupa kabla ya kuanza kupanda, tukazima kiyoyozi, na kipimajoto kilipanda hadi 24 kisha kikashuka tulipokiwasha tena kule juu. Bila barafu ile ningekuwa na hadithi nyingine.

Dereva wa lori, masafa marefu

Ninakubaliana na mama wa Phoenix kwa karibu kila alilosema. Mimi chinchila wangu husafiri nami katika chumba cha dereva, na kazi yangu hunipeleka majimbo mengi. Shida yangu kubwa si mwendo, ni kusimama. Jimbo kama California haliruhusu lori la dizeli kuunguruma likiwa limesimama kwa zaidi ya dakika 5, na dereva akilala lazima kiyoyozi kiendelee. Nimefunga jenereta ndogo kwa ajili hiyo, na kama nisingeifunga nisingembeba kiumbe yule hata kidogo. Ninyi wa magari madogo mna nafuu kwamba mko wengi. Mmoja abaki garini injini ikiwaka, wengine waende msalani, kisha wabadilishane. Nje kukiwa na nyuzi 27 tu, gari lililofungwa hufika karibu 37 kwa dakika 10 na kupita 40 kwa dakika 20, kwa hiyo ule usemi wetu wa "naingia mara moja tu dukani" haufai kabisa katika safari hii.

Kuhusu saa za safari, mimi hupendelea usiku. Najua chinchila huwa macho jioni na usiku, na hivyo husumbua zaidi kizimbani, akitafuna nyaya na kurukaruka, ilhali mchana angelala tu. Lakini kelele zake nazivumilia. Joto la saa nane mchana siwezi kulivumilia kwa niaba yake. Maji ninampa kwa chupa yake ya kawaida iliyofungwa kizimbani.

Mchangiaji kutoka Columbus, Ohio

Kwa suala la chupa naomba kutofautiana na kaka dereva. Gari linapotikisika chupa hudondosha matone, nyasi hulowana, na manyoya ya chinchila yakilowana hayakauki upesi. Chini ya kiyoyozi hilo humletea baridi isiyo salama. Sisi tuliitoa chupa gari likiwa kwenye mwendo, tukairudisha kila tulipopumzika, na hakuna aliyeishiwa maji. Nyasi kavu za timothi ndizo zisizotakiwa kukosekana hata saa moja, kwa sababu meno yake hukua maisha yote na tumbo lake halipaswi kusimama. Chakula cha peleti (vidonge vikavu) kiwe kilekile alichokizoea, na safari isiwe siku ya kumwonjesha zabibu au biskuti eti afurahi.

Nimefanya kazi kwa miaka kadhaa katika zahanati ya wanyama, na waliokuwa wakiletwa kwetu baada ya safari hawakuwa wameugua barabarani. Wengi walifika salama, kisha kesho yake wakaacha kula, na wenye nao wakadhani ni uchovu. Hesabuni kinyesi. Kikipungua sana au kikawa kidogo na kikavu, na mnyama akakaa saa 12 bila kugusa nyasi, mpelekeni kwa daktari anayewajua wanyama wa jamii hii, na jina la daktari huyo mwe nalo kabla ya kuondoka, kwa mji mnakokwenda na kwa mji mtakaolala. Vumbi la kuogea, kwa kuwa chinchila huoga kwa vumbi laini badala ya maji, lisitumike ndani ya gari, kwani huingia machoni na mapafuni mwenu nyote. Mpeni dakika 10 au 15 za kuoga mkishafika na akishatulia.

Dalili za joto ni masikio kuwa mekundu na mishipa yake kuonekana wazi, kuhema, kutokwa mate, na kulala ubavu. Mkiziona, pozeni masikio na nyayo kwa kitambaa chenye maji ya baridi ya kawaida, si ya barafu, na muwe njiani kuelekea kwa daktari huku mkifanya hivyo.

Mchangiaji kutoka Denver

Nina machache. Wa kwangu nilimvusha milima ya Rocky kwa I-70, ambako handaki la Eisenhower liko mita 3,400 hivi juu ya usawa wa bahari, wala hakuonyesha shida yoyote. Asili yao ni milima ya Andes, Amerika Kusini. Mathias Chapman, mhandisi wa migodi aliyewaleta California chinchila wasiozidi 12 mwaka 1923, aliwateremsha kutoka milimani hatua kwa hatua kwa miezi mingi ili wazoee joto, na melini vizimba vyao vilipozwa kwa barafu. Tangu mwanzo, basi, watu walijua kinachowaua njiani.

Mchangiaji kutoka Hamburg

Kwa walioko Ulaya ninaongeza la mipaka. Pasi ya wanyama ya Umoja wa Ulaya ni ya mbwa, paka na fereti (mnyama mdogo mrefu anayefanana na nguchiro) pekee, hivyo chinchila hufuata sheria za kila nchi, na inafaa kuuliza mamlaka ya mifugo ya nchi mnakokwenda wiki kadhaa kabla. Pia mpigieni simu mwenye hoteli na mumtajie mnyama kwa jina lake. Hoteli moja ilitukubalia "mnyama mdogo", tukafika usiku tukakuta chumba hakina kiyoyozi na mlango wa pili una mbwa anayebweka, ikabidi tutafute kwingine.

Mleta mada, Dallas

Ahsanteni sana. Tumeamua kuondoka saa tisa usiku na kulala Kansas City, ili sehemu ndefu na yenye joto zaidi iishe siku ya kwanza. Kasha la barafu na kipimajoto nimeshanunua, na suala la chupa nimeelekea upande wa Columbus. Nina swali moja lililobaki: hawa ndugu wawili niwaweke kizimba kimoja au viwili?

Mchangiaji kutoka Columbus, Ohio

Ikiwa nyumbani wanaishi pamoja bila ugomvi, kimoja, kwa sababu wakitenganishwa siku mbili wanaweza kukataana mtakapowarudisha pamoja. Kiwe cha plastiki ngumu au chuma, kisiwe cha kitambaa wala boksi la karatasi, maana watalitoboa kabla hamjafika Oklahoma City. Bebeni pia kizimba cha pili kikiwa kitupu, iwapo hofu ya safari itawagombanisha. Na mkilazimika kuwatenganisha msimvute mmoja kwa manyoya, kwani huyaachia pale aliposhikwa na kubaki na kipara kinachochukua wiki nyingi kujaa.