Monita ya mgongo ina madoa ya zambarau: fundi, koili au ninunue ya bapa?

jua_la_kondele
Wadau hamjambo. Naomba ushauri kabla ya Jumatatu. Monita yangu ya zamani, ile nene ya mgongo yenye bomba la picha, imeingia madoa: kulia zambarau, kona ya chini inaelekea kijani. Mimi hupiga picha za pasipoti, kwa hivyo rangi ndiyo kazi yenyewe. Nikirekebisha uso kwa kuangalia skrini hii, karatasi inatoka na mtu mwekundu kama nyanya. Kuna njia tatu: niipeleke kwa fundi, niazime ile koili ya duara ya mafundi wa TV, ya kuondoa madoa, niipitishe mwenyewe mbele ya kioo, au ninunue ya bapa iliyotumika. Nishike ipi?

mama_printa
Nunua ya bapa ulale. Ya bapa haijui sumaku. Yangu ya inchi 17 nilipata kwa elfu tatu na mia mbili hapa Kakamega, na tokeni za stima sasa zinakaa. Hizo za mgongo zinameza wati 80 kwenda juu, wakati ya bapa ya ukubwa huo ni kama 30.

fundi_naks
Mama, tulia kwanza. Ndugu wa Kondele, umeandika yote ukaacha yanayotakiwa. Inchi ngapi? Kwenye menyu kuna alama ya sumaku? Doa lilikuja ghafla au limekuwa likikua? Iliwahi kuanguka? Na kando yake kuna nini?

jua_la_kondele
Inchi 17. Haijaanguka. Doa limekuja polepole. Alama ya sumaku ninaiona, yenye mstari juu yake. Kando hakuna kitu.

fundi_naks
Hiyo alama ndiyo digosi, yaani kuondoa sumaku. Nyuma ya kioo kuna bamba jembamba la chuma lenye vitundu. Miale mitatu ya elektroni hupita humo, kila mmoja ukigonga rangi yake: nyekundu, kijani, buluu. Bamba likishika sumaku, miale inapinda na kuangukia rangi ya jirani. Sasa, ukingoni mwa kioo kuna koili. Ukibonyeza digosi inapewa stima ya ukutani, ile inayoenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, kisha nguvu inafifia hadi bamba linaachwa bila sumaku. Bonyeza mara moja tu. Ukirudia papo hapo hupati kitu, kwa sababu kile kidude kinachofifisha stima bado kina moto. Ngoja nusu saa.

omera_nyalenda
Mnamsumbua bure. Monita hizi zilitoka Ulaya, na sisi tuko kwenye ikweta. Nenda Maseno uione alama ya ikweta. Sumaku ya dunia huku si ya kule.

fundi_naks
Omera, hapo una ukweli kidogo. Viwanda vilikuwa vikizipima kulingana na soko, la kaskazini au la kusini. Lakini hiyo huchafua rangi kidogo tu, haiweki doa upande wa kulia peke yake.

omera_nyalenda
Basi ni radi. Radi ikipiga karibu TV hugeuka rangi, nimeona kwa macho yangu.

mama_printa
Iliyopiga kwetu iliua friji na modemu usiku mmoja. Rangi haikupata hata nafasi ya kugeuka.

fundi_naks
Radi inaweza, sikatai. Lakini huyu anasema doa lilikuja polepole.

jua_la_kondele
Nimebonyeza! Ikalia ngwiii, picha ikatetemeka, doa likaondoka. Asanteni sana.

jua_la_kondele
Limerudi.

fundi_naks
Basi sumaku iko hapo hapo. Nauliza mara ya pili: kando yake kuna nini?

jua_la_kondele
Wufa tu, spika ya muziki. Lakini iko kulia, haigusi monita.

omera_nyalenda
😂😂😂 "Hakuna kitu"

mulembe_bungoma
Kabla hujampa fundi, nisikilize. TV yangu ilishika doa hivyo hivyo. Fundi mmoja akasema koili ni ya waoga, akatoa sumaku ya spika iliyokufa akaanza kuipitisha kwenye kioo, eti anavuta rangi irudi mahali pake. Rangi zikacheza, watoto wakashangilia. Alipoiondoa, doa limekuwa mara mbili. Akajaribu upande wa pili, nao ukaharibika. Mwisho akatangaza bomba limekufa, nimwachie atafute lingine. Wiki zikapita, bomba hakuna, na bado nikalipishwa "kazi". Nikairudisha nyumbani kwa matatu nikiwa nimeipakata. Baadaye nikapata mzee mwenye koili halisi. Aliiwasha akiwa mbali, akasogea, akaizungusha mbele ya kioo, kisha akarudi nyuma polepole kama mita mbili ndipo akazima. Kioo karibu chote kikasafika, ila kona moja haikurudi tena. Akasema ile sumaku ilipinda bamba lenyewe, na bamba lililopinda halinyoshwi kwa koili.

mama_printa
Ndiyo nasema, ya bapa.

fundi_naks
Za bapa za bei hiyo, ukiinamisha kichwa tu rangi inabadilika. Kwa picha za watu, bomba zima bado linazishinda. Sogeza wufa mita moja au zaidi, bonyeza digosi tena. Koili ya nje hata huihitaji. Na yeyote asikudanganye ufungue mgongo: mle kuna volti zaidi ya 20,000, na hubaki hata ukishachomoa waya.

jua_la_kondele
Wufa haiondoki hapo. Waya ni mfupi, na ndiyo inayoniitia wateja. Kushoto kuna printa.

omera_nyalenda
Ni ya inchi ngapi? Unauza?

jua_la_kondele
Siuzi wufa. Labda monita.

mama_printa
Monita nitachukua kwa elfu moja, na doa lake. Kijana wangu ana zile gemu za bunduki ya kuelekeza kwenye skrini, kwenye bapa hazilengi.

fundi_naks
Mama, gemu hizo zinataka TV ya mgongo. Monita ya kompyuta hata waya wake haipokei.

mama_printa
Haya, nani ana TV ya mgongo?

mulembe_bungoma
Mimi ninayo. Ina kona moja.