Naomba ushauri: matangazo ya chuo hayawafikii wanafunzi

Wenzangu, salaam. Nimekabidhiwa matangazo ya chuo chetu kidogo hapa Mombasa. Ubao uko mlangoni kwa msajili, na wausomao ni wanaokuja kulipa karo tu. Wa Likoni huvuka feri alfajiri, wakifika waambiwa somo limeahirishwa. Kundi la WhatsApp lipo, lakini ratiba ya mtihani huzama chini ya salamu za Ijumaa na biashara ya viatu. Tena humo nambari za wasichana huchukuliwa, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 hairuhusu kuzisambaza ovyo. Nafikiria chaneli ya WhatsApp, maana huficha nambari za wafuasi. Wenye kabambe (simu ndogo zisizo na WhatsApp) je? Arafa za jumla zina gharama, na mhasibu wetu (tusemezane kweli) ni mkono wa birika. Vyuoni kwenu mwafanyaje?