Siasa kwenye mpira wa Hispania: ilianza na Franco au ilikuwepo kabla?

Kiberenge77:
Wakuu habari za saa hizi. Kila nikisoma mabishano ya Barca na Madrid naona watu wanaanzia kwa Franco, yule jenerali dikteta aliyeitawala Hispania tangu 1939, yani kama vile kabla ya 1939 watu walikuwa wanacheza tu mpira wakaenda zao nyumbani. Jana nimeona picha ya timu ya Madrid ya miaka ya 30 na kwenye nembo hakuna taji la mfalme kabisa, nikabaki najiuliza. Nani alilitoa? Na ile miaka ya 20 na 30 hali ilikuwaje, mpira ulikuwa umeshaingiliwa na siasa au bado? Wenye kujua historia naombeni mnisaidie.

Mama_Talik:
Kaka ilikuwepo tena ya moto. Nikupe kisa kimoja kinatosha. Tarehe 14 Juni 1925, uwanja wa Les Corts, Barcelona wanacheza na Júpiter, klabu nyingine ya mjini humo, mechi ya kuwaenzi kwaya ya Orfeó Català. Sasa elewa hali ya wakati ule, Jenerali Primo de Rivera alishapindua serikali Septemba 1923, bendera ya Katalunya (mkoa wenye mji wa Barcelona) ikapigwa marufuku, lugha yao ikaondolewa kwenye shughuli za serikali, na ile Mancomunitat iliyokuwa serikali yao ndogo ya mkoa ikavunjwa 1925 hiyohiyo. Watu wana hasira na pa kuzitolea hapana.

Siku hiyo bandarini kulikuwa na meli za kivita za Uingereza, bendi yao ya wanamaji ikaalikwa kupiga muziki uwanjani. Bendi ikaanza wimbo wa taifa wa Hispania, uwanja mzima ukapiga miluzi na kuzomea. Wale Waingereza wakashangaa, hawajui kinachoendelea, wakakatisha wakaanza kupiga wimbo wao wa mfalme wa Uingereza, na mashabiki walewale wakashangilia kwa makofi! Serikali ikaufungia uwanja miezi 6 (baadaye ikapunguzwa ikawa 3), na Joan Gamper mwanzilishi wa klabu, ambaye kwa kuzaliwa ni Mswisi, akalazimishwa kuachia urais akaondoka nchini kwa muda, na hakuruhusiwa tena kuwa rais wa klabu. Hapo Franco bado ni ofisa wa jeshi tu.

Beki_wa_Kati:
Dada umemaliza kuhusu Barcelona, ila mi naona tunawasahau Wabaski, wale watu wa kaskazini mwa Hispania wenye lugha yao, na ndio walioibeba timu ya taifa. Michezo ya Olimpiki ya Antwerp 1920, timu ya taifa inacheza kwa mara ya kwanza kabisa, wakarudi na medali ya fedha. Hapo ndipo likazaliwa lile jina la furia, kwamba Mhispania anacheza kwa nguvu na hasira hakubali kushindwa, na magazeti yakalishikilia kama ndio tabia ya taifa zima. Sasa mfano mkubwa wa hiyo furia ni goli la Belauste dhidi ya Sweden, jitu la Bilbao, anasimuliwa kwamba alimwita mwenzake Sabino amletee mpira akaingia nao golini na mabeki wamemng'ang'ania. Huyo Belauste alikuwa mzalendo wa Kibaski damudamu! Yani shujaa wa uhispania ni mtu ambaye siasa zake zilikuwa za taifa lingine kabisa. Kwangu mimi hiki ndio kitu cha kukifikiria zaidi, kuliko hata ugomvi wa Barca na Madrid.

Kiberenge77:
Aisee hii ya Belauste sikuwahi kuisikia. Na lile taji?

Sajini_Mpira:
Mkuu lile taji liliondoka na mfalme. Vyeo vya Real, yani "ya kifalme", alikuwa anavigawa mfalme Alfonso XIII mwenyewe, Madrid walipewa 1920. Tarehe 14 Aprili 1931 ikatangazwa Jamhuri, mfalme akaondoka nchini, na klabu zikaachana na mambo ya kifalme. Real Madrid ikawa Madrid CF, Real Sociedad ikawa Donostia, na Betis walipochukua ubingwa wa ligi 1935 walikuwa wanaitwa Betis Balompié. Hata Kombe la Mfalme likawa Kombe la Rais wa Jamhuri.

Na hapa nataka kuwapinga kidogo wanaosema Madrid ilikuwa timu ya mafashisti tangu mwanzo, si kweli na si haki. Rais wake kuanzia 1935 alikuwa Rafael Sánchez Guerra, mtu wa Jamhuri hasa, aligoma kuikimbia Madrid mwisho wa vita vya wenyewe kwa wenyewe (1936-39) akafungwa jela na watu wa Franco. Upande wa Barcelona rais alikuwa Josep Sunyol, mbunge wa chama cha mrengo wa kushoto cha Katalunya, mwenye gazeti la La Rambla lililochanganya michezo na uraia, Agosti 1936 gari lake likaingia eneo la wanajeshi wa Franco kule milima ya Guadarrama wakampiga risasi. Marais wawili, klabu hasimu, na wote wawili yaliwakuta kwa ajili ya Jamhuri ileile.

Beki_wa_Kati:
Kweli kabisa Sajini. Niongezee hapo kwenye vita, rais wa serikali ya Wabaski José Antonio Aguirre aliwahi kuchezea Athletic Bilbao, kwahiyo alijua nguvu ya mpira, 1937 wakatuma timu inaitwa Euzkadi izunguke nje kuitangaza nchi yao na kutafuta pesa za wakimbizi. Mechi ya kwanza Paris walishinda 3-0 tarehe 26 Aprili, siku ileile mji wa Kibaski wa Guernica unapigwa mabomu. Bilbao ikaanguka mikononi mwa jeshi la Franco Juni wakiwa bado safarini, wengi hawakurudi, wakaishia Mexico wakaingia kwenye ligi ya kule kama klabu na msimu wa 1938-39 wakashika nafasi ya pili. Isidro Lángara, aliyekuwa mfungaji bora wa ligi ya Hispania misimu mitatu mfululizo akiwa Oviedo, akaenda San Lorenzo ya Argentina na mechi yake ya kwanza akawafunga River Plate magoli 4.