Oksidi ya shaba ina nafasi ya kupitisha umeme, mbona haipitishi?

Fundi wa Katuba
Jambo bandugu. Natengeneza simu hapa Katuba, Lubumbashi. Juzi umeme ulikatika tangu asubuhi, kazi hakuna, nikafukia kipande cha waya wa shaba kwenye makala ya mbabula, jiko letu la makaa, mama watoto akisubiri kupika bukari. Kikatoka cheusi tititi. Nikaweka ncha za multimeta: kimya. Nikakandamiza, ikalia piii! Nilifurahi bure, kumbe ncha imetoboa ngozi nyeusi na kugusa shaba ya ndani.

Swali langu: kwenye CuO, ile nyeusi, kila shaba ina elektroni 9 katika ngazi ya d inayobeba 10. Daftari langu la chuo linasema ngazi isiyojaa hupitisha umeme. Mbona haupiti? Na nasikia oksidi nyingine ya shaba ukiichomeka strontiamu inapitisha bila ukinzani wowote. Strontiamu inaleta nini?

Mwalimu wa Likasi
Mukubwa, daftari limesahau kwamba elektroni zinachukiana.

Kwaruza ile ngozi polepole, chini yake utakuta wekundu. Hiyo ni Cu2O, ngazi yake ya d imejaa 10, haina fumbo. Fumbo ni la nyeusi. Kati ya zile elektroni 9, nane zimeshakaa wawiliwawili; imebaki moja peke yake. Fikiria safu ya meza pale soko la Kenya, mtaa wa hapo kwenu Lubumbashi, kila meza na mama mmoja. Ruhusa ni wawili, lakini wakiketi wawili ni ugomvi mtupu. Basi kila mmoja anabaki kwake: soko limejaa, na hakuna anayesogea. Hicho ndicho kihami cha Mott: kitu kisichopitisha umeme kwa sababu elektroni zinasukumana. Wanasayansi De Boer na Verwey walileta tatizo hilo mwaka 1937 kwa oksidi ya nikeli. Mott na Peierls wakajibu mwaka uleule kwamba chanzo ni elektroni kusukumana.

Oksidi uliyoisikia ni La2CuO4, yenye lantanamu, shaba na oksijeni. Lantanamu hutoa elektroni 3, strontiamu 2 tu. Ukiziweka strontiamu chache mahali pa lantanamu, elektroni zinapungua kwenye tabaka la shaba na oksijeni. Meza moja iko wazi, jirani anahamia, yake inabaki wazi. Tundu linatembea. (Kwa kweli tundu hukaa zaidi upande wa oksijeni, lakini tusiharibu soko.)

Usidhani ni kama silikoni, ambayo fosforasi moja kwa atomu milioni inatosha na silikoni inabaki silikoni. Hapa kila elektroni ni kisumaku, na majirani wameelekea pande tofauti; tundu likipita linavuruga mpangilio huo. Matundu 2 kwa shaba 100 yanauvunja. Yakipita 5, ukinzani unapotea kwenye baridi kali. Kilele ni kama 16, kwenye kelvini 38 hivi, yaani nyuzi −235 za Selsiasi. Yakizidi sana, inakuwa metali ya kawaida. Bednorz na Müller waligundua kupotea huko kwa ukinzani mwaka 1986 kwa kutumia bariamu, na mwaka uliofuata wakapewa Nobel. Kwa nini vitu vinavyochukiana hivyo vinaishia kutembea wawiliwawili, maana ndivyo elektroni zinavyopita bila ukinzani? Wataalamu wanabishana hadi leo.

Mama Kobalti
Fundi, mbona unashika jambo hilo kila siku? Kwenye betri nyingi za simu kuna LiCoO2, oksidi ya lithiamu na kobalti. Ukichaji, lithiamu inatoka na kuacha matundu kwenye tabaka la kobalti, kihami kinageuka metali. Ila mwalimu asinikaripie: pale si Mott. Elektroni 6 za kobalti zimejaza sehemu ya chini ya ngazi ya d, basi.

Fundi wa Katuba
Nimekwaruza. Kweli, wekundu kama tofali! Sasa mwalimu, strontiamu nitaipata wapi hapa mjini?

Mwalimu wa Likasi
Chumvi zake ndizo zinazopa fataki rangi nyekundu. Lakini unga ule husagwa, ukachomwa tanuri ya nyuzi karibu 1000 kwa saa nyingi. Mbabula ya mama watoto iache na bukari yake. Na hiyo −235 hutaipata kwenye friji ya bia, hata siku umeme usipokatika.