Tupeane uzoefu: uliishije na kilevi baada ya maafa?

Mwanzisha mada:
Ndugu zangu, mafuriko yalipopungua, nyumba yetu ilibaki na mstari wa matope ukutani, juu kidogo ya swichi ya taa, nami nikabaki mtu asiyeweza kulala mvua ikinyesha. Nilianza na glasi moja ya kuita usingizi. Usingizi ulikuja upesi kweli, lakini saa nane za usiku nilikuwa macho, moyo ukinidunda, na ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba pombe yenyewe ndiyo iliyonizindua, kwa kuwa inapoanza kuisha mwilini huvuruga usingizi wa nusu ya pili ya usiku. Siku za uokoaji sikulewa, maana kazi ilikuwepo na watu walikuwepo. Ulevi ulinikolea mwezi wa nne baada ya mafuriko, watoa misaada walipokwisha kuondoka na kila mtu akidhani tumepoa. Waliopitia haya watueleze. Mahubiri tuyaweke kando.

Mchangiaji wa 1:
Mimi nilikuwa natumia methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, kabla ya tetemeko. Kituo kilifungwa siku tano, nikapigwa na arosto, yale maumivu ya kukosa dawa, ambayo sitaki kuieleza. Kilipofunguliwa nilidai dozi yangu ya zamani, nikamfokea muuguzi aliyenikatalia. Baadaye alinifafanulia kwamba mwili uliokaa siku kadhaa bila dawa hupoteza uzoefu wake, na dozi ile ile iliyokuwa ikinituliza ingeweza kunikata pumzi. Siku hizi jina la dawa, kiasi na namba ya kituo nimeviandika kwenye karatasi, nikaifunga ndani ya plastiki pamoja na kitambulisho.

Mchangiaji wa 2:
Mume wangu alikuwa mnywaji wa kila siku. Kimbunga kilipofunga barabara, pombe ikakosekana, nami (Mungu anisamehe) nikafurahi. Siku ya kwanza mikono ilimtetemeka hadi chai ikamwagikia mapajani. Usiku wa pili alianguka kifafa ambacho hajawahi kuwa nacho. Siku ya tatu alikuwa akizungumza na watu wasiokuwepo. Wahudumu wa afya walituambia kwamba aliyekunywa sana kwa miaka mingi hapaswi kuacha ghafla bila uangalizi wa daktari, kwa sababu anaweza kufa. Kama mnaye mtu wa namna hiyo kambini, waambieni wahudumu mapema, msione haya.

Mchangiaji wa 3:
Kwangu vilikuwa vidonge vya usingizi. Nilipewa vya siku chache, vikaisha, nikaanza kuomba kwa majirani, kisha nikavishushia na pombe. Mdogo wangu alinikuta nikikoroma kwa namna isiyo ya kawaida, midomo imebadilika rangi.

Mchangiaji wa 4:
Nilikuwa nimeacha kilevi miaka sita. Ukumbi ambamo sisi tulioacha tulikuwa tukikutana ulibomoka, kwa hiyo tukawa tunakutana jioni nyuma ya hema la maji, watu watatu juu ya ndoo zilizopinduliwa. Mara nyingi hatukuwa na la kusema, ila kila mmoja alijua kwamba asipoonekana atafuatwa.

Mwanzisha mada:
Dada wa kimbunga, na mzee wako anaendeleaje sasa?

Mchangiaji wa 2:
Ni miezi 11 tangu aache mara ya kwanza. Katikati alirudia kwa wiki moja, fedha za fidia zilipotoka, kisha akaanza upya. Kadi ya benki ninakaa nayo mimi, kwa ombi lake mwenyewe.